Kununua chakula kwa wasambazaji wa mahoteli kipindi hiki cha lokidauni ya korona (2020), kwa mtu wa nyumbani inalipa?

Mwiko_Mrefu:

Habari zenu wadau, poleni na kukaa ndani. Naomba ushauri hasa kwa wale mnaopika kwa familia kubwa. Kuna msambazaji mmoja kabla ya hii korona alikuwa anauzia mahoteli, migahawa na kantini tu, mtu wa kawaida ukienda getini unarudishwa, sasa naona ametangaza anapokea oda za majumbani na mzigo anakuletea mpaka mlangoni. Sisi nyumbani tuko saba, watoto hawaendi shule, wakubwa hawaendi kazini, yani watu wanafungua kabati la chakula toka wanaamka mpaka wanalala. Dukani unga wa ngano ukichelewa kidogo hukuti kitu, hamira ndo usiseme kabisa, na mi sitaki kila mara nikapange foleni nimebanana na watu.

Nimeletewa orodha yake nikabaki nashangaa maana vitu vyote ni vya ukubwa wa kutisha. Unga gunia la kilo 25, mchele hivyohivyo, mafuta dumu la lita 20, hamira kavu pakiti ya gramu 500, mayai katoni ya trei kadhaa, kuku katoni ya kilo 10, nyanya za kopo zile kopo kubwa za karibu kilo 3, vitunguu saumu vilivyomenywa tayari mfuko wa kilo kadhaa. Halafu kuna kiwango cha chini cha oda, chini ya hapo gari haiji. Kwa kilo bei iko chini kweli ukilinganisha na dukani, ila nina friji ya kawaida na friza ndogo ya lita 200, stoo hakuna, kuna kabati tu la chini ya ngazi.

Kuna mtu ameshafanya hivi? Vitu gani nichukue na vipi niviache, na nitajuaje sipigwi? Maana orodha yenyewe imejaa vifupisho na namba namba sielewi.

Stoo_Kipa:

Karibu mkuu. Mi nimekaa stoo za mahoteli miaka mingi, nikusaidie kwenye kusoma orodha na kupokea mzigo, mambo ya kupika waje wenyewe.

Kwanza ujue kwa nini huo mlango umefunguliwa, itakusaidia hata kwenye kuongea nao bei. Chakula hakijaisha, kimekwama upande wa pili. Kuna njia mbili, moja inaenda madukani kwa vipakiti, nyingine inaenda mahotelini, mashuleni na viwandani kwa magunia na madumu, na hizo njia hazikutani kirahisi. Chukua mfano wa unga kule Uingereza, wenye vinu walieleza kwamba unga wa pakiti unaouzwa madukani ni kama asilimia 4 tu ya unga wote wanaouza, uliobaki unaenda kwa waokaji na viwanda. Watu walipofungiwa ndani wakaanza wote kuoka, vinu vikasaga usiku na mchana, unga ukawepo tele, ila mashine za kufunga vile vipakiti vya kilo moja na nusu ndo hazikuweza kwenda na hiyo kasi. Wakati huohuo magunia yamelala maghalani kwa sababu mahoteli yamefungwa. Mayai vilevile, Marekani ilibidi mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, mwezi Aprili 2020 ilegeze kwa muda masharti ya lebo ili mayai yaliyokuwa yamepangwa kwenda migahawani yaweze kuuzwa madukani. Kwa hiyo huyo msambazaji wako hakufanyii hisani, ana mzigo unaosogelea tarehe ya mwisho na madereva wamekaa. Muulize kabisa, kipi kina tarehe fupi na kinashuka bei? Mara nyingi jibu lipo ila hawaliandiki kwenye orodha.

Sasa kusoma orodha. Usiangalie bei ya katoni, igawe kwa kilo au lita, halafu jumlisha na nauli ya kuletewa na kodi kama bei imeandikwa kabla ya kodi, maana wasambazaji wengi huandika hivyo kwa kuwa wamezoea kuuziana na wafanyabiashara wenzao. Nyama na jibini kubwa huwa wanauza kwa uzito halisi, yani bei iliyoandikwa ni ya kilo moja na katoni imeandikwa "takriban kilo 10", ikija na kilo 11 na nusu unalipia hizo 11 na nusu, hapo hujaibiwa ndo utaratibu wao. Ila kwenye samaki na kamba wa kugandishwa fungua macho, huwa wanapakwa tabaka la barafu ili wasikauke, kwa hiyo uliza uzito bila barafu ni kiasi gani. Kuku naye soma viambato, kama kuku ana "maji, chumvi, fosfeti" ujue amedungwa maji na sehemu ya kilo unayolipia itaishia kwenye sufuria kama mchuzi wa bure. Si vibaya kumla, ila usimlinganishe bei na kuku asiyedungwa.

Na gari likifika usisaini kwanza. Dereva atakuharakisha, mwache aharakishe. Pindua katoni ya vitu vya kugandishwa uangalie chini, kama boksi lina madoa ya maji yaliyokauka, au ndani ya mfuko barafu imejikusanya kona moja, huo mzigo uliwahi kuyeyuka ukagandishwa tena. Gunia la unga pitisha mkono kwenye mishono na pembe, fukusi na vumbi lao hujificha hapo. Makopo yaliyovimba au yenye bonde kwenye mshono rudisha. Andika kasoro kwenye karatasi yake ya kupokelea kabla hajaondoka, ukipiga simu kesho yake utazungushwa.

Mama_Mikate:

Mi naingia kwenye unga na hamira maana naona ndo vinavyokuumiza.

Unga wa jumla siyo unga mmoja dada (au kaka, samahani sijajua). Migahawa ya piza, waoka mikate na waoka keki kila mtu ana wake. Angalia protini kwenye lebo au omba wakutumie karatasi ya maelezo ya bidhaa, wanazo zote. Ukiona asilimia 12 mpaka 13 huo ni wa mikate, unavutika. Ukiona 8 au 9 ni wa keki na biskuti, ukitaka mkate wa maana hapo utalia. Katikati ya hapo 10 au 11 unafanya kila kitu kwa wastani na ndo ningekushauri kama unachukua gunia moja tu kwa matumizi yote. Kuna mwingine una viboreshaji vya mashine za kiwandani na kuna mwingine umeshachanganywa hamira ya kuumulia keki tayari, huo wa mwisho ukikandia mkate unapata kitu sijui hata nikiiteje.

Unga wa ngano nzima usichukue gunia. Kiini cha ngano kina mafuta, yanachacha, miezi michache tu kwenye joto unasikia ile harufu ya rangi ya mafuta na ladha inakuwa chungu mwishoni. Mweupe ukiwa pakavu na penye ubaridi unakaa hata mwaka. Sasa hilo kabati la chini ya ngazi, lina hewa? Linapitiwa na bomba la maji ya moto? Kama ni pakavu sawa, ila gunia lisikae kwenye sakafu wala lisiegemee ukuta, weka mbao chini, maana sakafu na ukuta vinatoa unyevu na gunia la karatasi linaunyonya bila wewe kuona, ukija kushtuka chini kumeganda madonge na ukungu.

Kuhusu fukusi, watu wengi wanadhani wanaingia kutoka nje. Mara nyingi mayai yao yamekuja ndani ya unga wenyewe, wanasubiri joto tu. Kwa hiyo likifika usilifungue ukaliacha linachotwa chotwa. Gawa siku hiyohiyo kwenye ndoo za plastiki za chakula zenye mfuniko wa kubana, kila ndoo kivyake, ili ikiharibika moja isiharibu zote. Ukiwa na nafasi kwenye friza pitisha unga kidogo kidogo, kaa nao siku nne kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mayai yanakufa. Ukiutoa acha kwanza urudi joto la kawaida ukiwa umefungwa hivyohivyo, ukifungua ukiwa bado wa baridi unatoa jasho na unga unalowa.

Hamira sasa. Ile pakiti ya gramu 500 inakuja imenyonywa hewa, ngumu kabisa kama tofali, ukitoboa unasikia inapumua halafu inalainika mkononi inakuwa chenga. Ukiikuta tayari imelegea kabla hujaifungua usiinunue, hewa imeshaingia. Ukishafungua mimina kwenye chupa yenye mfuniko mzuri peleka friza, ukihitaji unachota kwa kijiko kikavu inaenda moja kwa moja kwenye unga, haihitaji kuyeyushwa. Ukiwa na wasiwasi nayo weka kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, ndani ya dakika kumi iwe imeumuka juu na povu, isipoumuka tupa usiharibu unga.

Ila piga hesabu kidogo hapa. Mkate wa nusu kilo ya unga unakula hamira gramu 7 hivi. Gunia la kilo 25 linakupa mikate 50, pakiti ya hamira inatosha mikate 70. Sasa watu saba mnakula mikate mingapi kwa wiki? Anza na hilo jibu, ndo utajua kama gunia ni lako peke yako.

Bei_Chee:

Mi naona mnampamba tu. Ukweli ni kwamba hii biashara kwa nyumba nyingi haina faida, ile tofauti ya bei inaliwa na vitu vinavyotupwa. Msambazaji anakuuzia rahisi kwa sababu kazi ya kugawa, kufunga, kuhifadhi na kupata hasara ya kinachooza amekuachia wewe. Dukani unalipia hiyo kazi. Kopo la nyanya la kilo 3 ukilifungua kwa ajili ya mchuzi mmoja, lililobaki ukiliacha kwenye friji ndani ya kopo lake wiki inaisha ukungu umeshaota, hapo umeokoa nini? Na huko ni kuhodhi, wengine watakosa.

Stoo_Kipa:

@Bei_Chee kwenye hasara nakubaliana na wewe, tena umesema vizuri kuliko mimi. Kwenye kuhodhi hapana. Anayebeba pakiti ishirini za unga kwenye rafu ya duka ndo anamnyima jirani yake. Gunia la hoteli ambayo imefungwa halikuwa linaenda kwenye rafu yoyote. Kama kuna kitu, anayenunua huku anapunguza foleni kule. Labda kwa vitu ambavyo hata wasambazaji wamepungukiwa, glavu na dawa za kusafishia kwa mfano, hizo waachie wanaozihitaji kazini.

Nyanya za kopo hazina shida ukijua la kufanya, ukishafungua hamishia zote kwenye chombo cha plastiki au kioo, ya siku chache weka friji, zilizobaki gandisha kwenye vile vitrei vya barafu halafu mimina vipande kwenye mfuko. Unatoa vipande vitatu vinne unavyotaka.

Friza_Imejaa:

Nyie wote mmeruka jambo la friza na mtu kasema ana lita 200.

Friza ya nyumbani imetengenezwa kutunza kilichoganda, kugandisha haina nguvu hiyo. Ukiingiza kilo kumi za kuku wa baridi (wasiogandishwa) kwa mpigo, katikati ya lile rundo panabaki na uvuguvugu masaa na masaa na vilivyokuwa vimeganda pembeni navyo vinaanza kulegea. Kanuni inayotumika ni kilo 3 mpaka 5 kwa kila lita 100 za friza kwa siku nzima. Kwa hiyo wewe na lita 200 zako ni kilo 6 mpaka 10 ikiwa tupu au karibu na tupu, na hiyo 10 ni mwisho kabisa. Ikiwa imeshajaa nusu, gawa mafungu, nyingine zikae friji kwenye baridi kali ziingie kesho.

Na usigandishe katoni nzima jamani! Ukifanya hivyo unakuwa na jiwe la kilo kumi, siku ya kupika unalipiga na nini? Fungua, gawa kwa mlo mmoja mmoja, mfuko mmoja ni mlo mmoja wa nyumba yako. Toa hewa kwa mkono, lala mfuko bapa kwenye trei, unene usizidi vidole viwili, uache ugande hivyo halafu ndo unasimamisha mifuko ubavu kwa ubavu kwenye droo. Ikiwa bapa inaganda haraka, inayeyuka haraka na nafasi inatosha karibu mara mbili ya ukirundika madonge. Tarehe na jina andika kabla hujaweka nyama, kalamu haishiki kwenye mfuko wenye unyevu.

Au rahisi zaidi, omba vile vilivyogandishwa kipande kimoja kimoja kiwandani. Mapaja ya kuku yapo ya hivyo, mbogamboga zipo za hivyo, unachota unachotaka unafunga mfuko. Bei iko juu kidogo ila kwa nyumba ndo zinafaa.

Swali ambalo hujauliza ila utauliza, nyama ikiyeyuka unaweza kuirudisha? Ikiwa imeyeyukia ndani ya friji na bado ina baridi, unaweza, utamu unapungua kidogo na maji yanatoka lakini haina madhara. Ikiwa imekaa juu ya meza zaidi ya masaa mawili, hapana. Umeme ukikatika usifungue fungue kuchungulia, friza iliyojaa ikiachwa imefungwa inashikilia baridi kama masaa 48, iliyojaa nusu masaa 24.

Mwiko_Mrefu:

Asanteni sana, nimesoma zote. Mimi ni dada @Mama_Mikate 😂

Nimekaa nikahesabu, mikate kwa wiki tunakula minne, na maandazi na chapati za hapa na pale, kwa hiyo gunia tunalimaliza kabla halijazeeka, lakini kuku na nyanya hapana, na hamira ni nyingi mno. Kuna majirani wawili na dada yangu mmoja tumeongea wanataka tuungane. Tatizo hatutakiwi kukusanyika na mi sitaki watu wamejaa sebuleni wanagombania vitunguu. Mnafanyaje huko kwenu?

Mzani_Haudanganyi:

Hapa ndo pangu. Sisi tuna kikundi cha nyumba chache na kinaenda vizuri kwa sababu ya masharti, siyo kwa sababu tunapendana.

Anayeagiza awe mmoja na abaki yeye. Watu wakianza kupiga simu kwa msambazaji kila mtu kivyake oda inakuwa vurugu. Oda inafungwa siku moja kabla ya muda wa mwisho wa msambazaji, asiyetuma pesa mpaka hapo hayumo, hata kama ni mama mkwe. Pesa kwa simu, hakuna noti za mkononi. Usikubali "nitakupa mzigo ukifika", kwa sababu siku ya mzigo atasema kile kitu ashapata kwingine na wewe umebaki na robo katoni ya siagi isiyo na mwenyewe.

Chagua vitu vinavyogawanyika bila kubishana. Mchele, maharage, sukari, unga, mayai kwa trei, mifuko ya ndani ya katoni ambayo inakuja imeshafungwa kivyake. Vitu kama nyama yenye mifupa na mboga za majani ni ugomvi, huyu kapata mguu huyu kapata shingo. Sisi nyama tunagawa katoni zenye pakiti ndogo za ndani tu. Muulize msambazaji hilo neno kwa neno, "ndani ya katoni kuna pakiti ngapi na kila moja kilo ngapi", namba kwenye orodha zimeandikwa kwa mtindo wa 4 x 2.5, maana yake pakiti nne za kilo mbili na nusu. Hizo ndo namba ulizosema huzielewi.

Mgawaji anapima peke yake, meza imefutwa, mikono imeoshwa, mzani wa jikoni wa kidijitali unaobeba mpaka kilo tano unatosha. Anapima ndoo tupu kwanza anarudisha sifuri ndo anamimina. Mafungu yanakaa nje mlangoni na majina, kila mtu anapewa dakika zake za kuja kuchukua, mmoja anatoka ndo mwingine anakuja. Kumbuka kwenye magunia huwa pana upungufu kidogo wa vumbi na kumwagika, tumekubaliana unakatwa kwa wote, mgawaji asiumie peke yake. Na mgawaji apewe kitu, hata asilipie nauli ya gari, maana mgongo unamuuma yeye.

Kitu kimoja watu wanakidharau: lebo. Vyakula vya mahoteli lebo yenye viambato mara nyingi iko kwenye katoni ya nje tu, pakiti za ndani hazina kitu. Ukishagawa, jirani anaondoka na mfuko mweupe hajui ndani kuna karanga, soya, maziwa au nini. Kabla hujachana boksi piga picha pande zote zenye maandishi, viambato, tarehe, namba ya toleo, tuma kwenye grupu. Kama kuna mtoto mwenye aleji hiyo picha ndo usalama wake, na bidhaa ikitangazwa kurudishwa mtajua kama ni yenu.

Wasiwasi_Tele:

Naomba niulize na mimi. Mzigo umepita mikono mingi, ghalani, kwenye gari. Mnaoshaje? Mi nimekuwa naosha matunda na sabuni na boksi napuliza dawa ya klorini.

Friza_Imejaa:

Matunda na sabuni acha leo hii. Sabuni na klorini havijatengenezwa kuliwa, tunda linanyonya na tumbo litakuuma. Huko Marekani kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, walifanya utafiti mwezi Mei 2020 wakakuta asilimia 19 ya waliohojiwa wamewahi kutia dawa ya klorini kwenye chakula kwa kuogopa korona, yani karibu mtu mmoja kwa watano! Maji safi yanayotiririka na kusugua kwa mkono yanatosha.

Kuhusu boksi, kwenye vipimo vya maabara kirusi kilionekana kinaweza kudumu mpaka masaa 24 kwenye boksi na mpaka 72 kwenye plastiki, lakini hiyo ni maabara, na Shirika la Afya Duniani, WHO, walisema hakuna uthibitisho kwamba watu wanaipata korona kupitia chakula au vifungashio. Hatari yako kubwa ni dereva na wewe mnapoongea mmekaribiana kwenye karatasi ya kusaini. Mwambie ashushe, asogee, ukague, usaini na kalamu yako. Boksi likae nje, vya ndani viingie, unanawa mikono, basi. Usiache kuku nje masaa 24 "kirusi kife", kuna mtu nimesikia anafanya hivyo, huyo korona haitamkuta, salmonela, bakteria wa kuku anayeharisha watu, itakuwa imemtangulia.

Mwiko_Mrefu:

😂😂 Haya. Basi nimepanga hivi, nyumba nne: unga gunia moja langu moja lao, mchele na maharage tunagawa, mayai kila nyumba trei mbili, hamira pakiti moja tunagawana, kuku wale wa kipande kimoja kimoja. Mafuta lita 20 na vitunguu saumu vilivyomenywa nikasema navichukua mimi kabisa, saumu nizitie kwenye mafuta kwenye chupa zikae kabatini, nimeona mtu kafanya zinapendeza kweli. Kuna neno hapo?

Stoo_Kipa:

Neno lipo tena kubwa. Saumu kwenye mafuta kabatini USIFANYE. Kuna bakteria wa botulizimu wako kwenye udongo na saumu inatoka udongoni, hao wanapenda mahali pasipo hewa na pasipo asidi, ukizamisha saumu kwenye mafuta kwenye joto la kawaida umewajengea nyumba. Sumu yao hainuki, haibadilishi rangi, na inaua. Jikoni hotelini tulikuwa tunatengeneza ya kutumia muda mfupi, inakaa friji na inatupwa baada ya siku chache. Wewe saga saumu zako na mafuta kidogo ukipenda, weka vijiko vijiko kwenye trei la barafu, gandisha, ukipika unatupia kipande kwenye sufuria. Na ule mfuko wa saumu zilizomenywa nao ni wa friji toka siku unapokelewa, usiuache kabatini hata kidogo.

Mafuta ya dumu uliza kama ni ya kukaangia. Mengi ya mahoteli yana kizuia povu, kwenye lebo utaona E900, ni sawa kwa kula na kukaanga lakini kwa saladi au keki chukua ya kawaida. Lita 20 kwa nyumba moja ni nyingi isipokuwa mnakaanga kila siku. Mafuta yanaharibiwa na mwanga, joto na hewa, kwa hiyo toa ya matumizi kwenye chupa ndogo, dumu kubwa libaki limefungwa gizani, usilifungue kila siku. Na usirudishe mafuta yaliyotumika kwenye dumu la masafi, hata kama umeyachuja.

Mzani_Haudanganyi:

Dumu la mafuta gawaneni nyote wanne, lita tano tano, vidumu vikauke kabisa kabla ya kumimina. Na mwambie msambazaji mapema kwamba mnaishi wapi na kama kuna ngazi, wengi wanashusha getini tu, gunia la kilo 25 kulipandisha ghorofani ni juu yako.

Mwiko_Mrefu:

Nimeelewa, saumu zinaenda friza na mafuta tunagawa. Ghorofa ni ya pili, kuna vijana wawili ndani wanashinda kwenye simu toka asubuhi, nimepata kazi yao.